Uzi maalumu: Tochi ya leza inavyopima spidi, na namba ya kusoma kwanza kwenye picha yako

Theodolaiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Tanga. Kwenye ule uzi wa barabara ya Segera watu wamebishana kurasa nne nzima, huyu anasema tochi inasoma uongo, yule anasema haikosei kamwe. Wote wawili wamepotea njia, naona tulihamishie jambo huku tulichambue kwa utulivu.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Tochi ya leza haipimi spidi, inapima umbali. Inaupima mara nyingi mno ndani ya muda mfupi mno, halafu kompyuta iliyomo ndani inapiga hesabu kuona umbali huo umepungua kwa kasi gani. Ukilishika hili, mengine yote yanajieleza: kwa nini trafiki analenga pleti namba, kwa nini anatulia kama mpiga picha za harusi, na kwa nini ile picha unayooneshwa ina namba mbili na siyo moja.

Iko hivi. Askari akibonyeza kifyatulio, diodi ya leza inatoa mapigo mafupi ya mwanga wa infraredi, wenye urefu wa wimbi wa kama nanomita 905. Jicho halioni mwanga huo na nguvu yake ni ndogo, haudhuru macho. Unaligonga gari, sehemu yake inarudi, lenzi ya pili inaipokea. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ambayo ni sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Gari likiwa mita 300, mwanga umekwenda na kurudi mita 600, kazi ya mikrosekunde mbili tu. Saa ya ndani ya tochi ndiyo inayohesabu huo muda.

Tuchukue gari linakuja kwa 90. Hiyo ni mita 25 kwa sekunde. Tochi ikipiga mapigo 200 kwa sekunde (ziko za chini ya hapo na ziko za juu), kati ya pigo na pigo gari limesogea sentimita 12.5. Kwa hiyo inasoma 300.00, kisha 299.875, kisha 299.75, inashuka namna hiyo. Baada ya theluthi ya sekunde hivi ina vipimo kama 60, na gari limesogea mita 7.5. Kompyuta inavipanga vile vipimo, inachora mstari ulionyooka unaopita katikati yao, na mteremko wa mstari huo ndiyo spidi yako.

Sasa swali la mwenye akili: kwa nini isitumie mapigo mawili tu ikamaliza? Kwa sababu pigo moja moja lina kosa lake. Tuseme kila kipimo kinaweza kuyumba sentimita 5. Ukitumia vipimo viwili vilivyoachana milisekunde 5, kosa la sentimita 5 peke yake linakuletea kilomita 36 kwa saa za uongo. Hapo hata mti ungeandikiwa faini. Ukiwa na vipimo 60 vilivyotandazwa kwenye sekunde 0.3, yale makosa yanafutana na linalobaki ni chini ya kilomita moja kwa saa. Watengenezaji wengi huandika usahihi wa kuongeza au kupunguza kilomita 2 kwa saa, na kwa hesabu hii unaona hawajisifu bure.

Nitaendelea. Wenye maswali leteni.

---

Kange_Standi

Mkuu umeanza vizuri. Tofauti yake na rada ni nini hasa? Maana huku sisi kila kitu tunaita tochi.

---

Theodolaiti

Rada ni mnyama mwingine kabisa. Inatoa mawimbi ya redio, mara nyingi masafa ya gigahezi 24 au 33 hadi 36, na inaangalia masafa ya wimbi linaporudi yamebadilika kiasi gani. Ni kama basi linalopita huku limeshikilia honi: likija mlio mwembamba, likishapita mlio unakuwa mzito. Kwa rada ya gigahezi 24.15, gari la kilomita 100 kwa saa linabadilisha wimbi kwa hezi kama 4,470. Rada inaisoma spidi moja kwa moja, umbali haiujui.

Lakini tofauti inayomhusu dereva ni upana. Mwale wa rada ya mkononi unaweza kuwa na nyuzi 12 hivi. Kwenye mita 300 huo umeshatanuka kufika mita 60 na zaidi, umefunika barabara yote na miembe ya pembeni. Yakija magari matatu, rada inashika linalorudisha wimbi kubwa au linalokimbia zaidi, askari inabidi aamue kwa jicho ni lipi.

Leza mwale wake hutanuka kama sentimita 30 kwa kila mita 100. Mita 300, doa lina upana wa sentimita 90. Mita 500, mita moja na nusu. Ndiyo maana inaweza kuchagua Noah moja katikati ya foleni. Lakini ukifika mita 1,000 doa limekuwa mita tatu, pana kuliko gari dogo. Picha iliyopigwa mbali kiasi hicho na magari mawili yamebanana, hapo una haki ya kuuliza doa lilimgusa nani.

---

mvuvi_wa_deep_sea

Mnaongea kitaalamu sana 😂 dawa ni CD mbili kwenye kioo cha ndani, mwanga unarudi kwake unamchanganya. Au unapulizia pleti namba ile dawa ya nywele.

---

Theodolaiti

Mkuu, CD inaning'inia ndani ya kioo na doa liko kwenye bampa. Hata zikikutana, CD itaurudisha mwanga, na kuurudisha ndicho tochi inachotaka. Umemsaidia.

Dawa ya nywele ni hadithi ile ile. Pleti namba zetu zina utando wa vishanga unaorudisha mwanga kule kule ulikotoka, ndiyo maana usiku zinawaka ukizimulika. Utando huo ndio shabaha bora kwenye gari zima. Ukiupaka kitu kinachong'aa hujapunguza lolote, na ukiufifisha mpaka namba isisomeke umejitengenezea kosa la pili. Hata pasipo pleti, glasi za taa za mbele zinatosha.

Gari jeusi linarudisha mwanga kidogo kuliko jeupe, hilo kweli. Matokeo yake ni kwamba litashikwa mita 350 badala ya 500. Spidi itakayosomwa ni ile ile.

---

Bi_Chumbageni

Na vile vidude vya kunusa tochi vinavyouzwa mtandaoni? Shemeji yangu anataka kuagiza.

---

Theodolaiti

Mwambie shemeji anunue matairi. Kidude cha kunusa rada kina maana fulani kwa sababu mawimbi ya rada yanasambaa, unaweza kuyanusa kabla hujafika. Leza haisambai. Kidude kikilia maana yake mwale umeshakugonga wewe, na tochi inahitaji chini ya nusu sekunde kumaliza kazi. Binadamu mwenyewe anahitaji sekunde moja mpaka moja na nusu mguu ufike kwenye breki, na kwa 90 umeshakula mita 25 hadi 37 bila kupunguza chochote. Kidude kinakujulisha habari za jana.

Vile vya kujibu mwanga kwa mwanga ndiyo usiviguse. Tochi ikipokea mapigo isiyoyatambua inaandika alama ya hitilafu, na askari anayejua kazi yake anajua hitilafu ile inatoka kwenye gari gani. Umetoka kwenye faini ya spidi umeingia kwenye maelezo marefu.

---

Sajini_Mstaafu

Vijana, nami niongeze upande wa nyuma ya kifaa, maana wengi mnajua upande wa mbele tu.

Tochi haitolewi kwenye begi ikaanza kazi. Ina ukaguzi wake, na ukaguzi ukirukwa ndipo malalamiko ya kweli yanapoanzia. Ukiwasha inajipima yenyewe na kuwasha vitone vyote vya kioo chake, usiporidhika navyo huendelei, maana kitone kimoja kilichokufa kinaweza kuigeuza 8 ikaonekana 6. Kisha unakagua darubini ya kulengea, yenye alama ya msalaba ndani. Unachagua nguzo ya umeme iliyosimama peke yake, nyuma yake pawe wazi, unapitisha alama ya msalaba taratibu kutoka kushoto kwenda kulia huku unasikiliza mlio. Mlio ubadilike pale pale msalaba unapogusa nguzo. Halafu unarudia juu kwenda chini, kwa kutumia waya au ukingo wa paa. Mlio ukibadilika kabla au baada, darubini na leza haziangalii mahali pamoja: wewe unaona IST, leza inapima Fuso la nyuma yake.

Cha tatu ni umbali unaojulikana. Unapima kwa futi kamba, tuseme mita 50 kamili kutoka alama hadi ukuta, unalenga, isome 50. Na kwa kuwa ukuta hautembei, spidi isome sifuri. Kipimo hiki wengi hawakijui lakini ndicho chenye maana kubwa, kwa sababu ile saa inayopima umbali ndiyo inayopima spidi. Umbali ukiwa sahihi, saa iko sahihi.

Mwisho, mipangilio: tarehe, saa, jina la eneo, na kikomo cha spidi kilichoingizwa. Makosa mengi ya picha ninayoyajua yanatokea hapa, wala si kwenye leza. Kifaa kimehamishwa kutoka eneo la 50 kwenda eneo la 80 na kikomo hakikubadilishwa.

---

Kange_Standi

Shikamoo mzee. Kwa hiyo inakubalika kwamba inaweza kukosea?

---

Sajini_Mstaafu

Marahaba. Inaweza, na njia iliyo kubwa ni moja: doa kuteleza juu ya gari wakati wa kipimo. Theodolaiti amalizie, hesabu ni zake.

---

Theodolaiti

Asante mzee. Hili ndilo lililozua ule ubishi wa uzi wa Segera.

Kumbuka tochi inajua umbali tu. Haijui kama umbali umepungua kwa sababu gari limesogea, au kwa sababu mkono wa askari umeteleza doa likahama kutoka kioo cha mbele kwenda bampa. Kati ya kioo na bampa kuna mita moja au zaidi kidogo. Mkono ukiteleza kwa ulaini mita moja ndani ya sekunde 0.3, hiyo ni mita 3.3 kwa sekunde, kilomita 12 kwa saa zilizoongezwa juu ya spidi yako halisi. Basi linaloonekana kwa pembeni ni baya zaidi kwa sababu ubavu wake una mita 11 au 12 za kutelezea.

Ila msishangilie mapema. Kuteleza kwa ghafla kunavunja ule mstari ulionyooka: vipimo vinaruka, kompyuta inaviona havikai kwenye mstari, inakataa na kuandika hitilafu. Na boneti yenyewe imelala na inang'aa, inatupa mwanga juu badala ya kuurudisha, kwa hiyo doa likipita juu yake vipimo vinakatika. Kuteleza kunakopita mtihani ni kule kwa taratibu na kwa ulinganifu, na hakutokei mara nyingi, hasa tochi ikiwa kwenye miguu mitatu. Mara nyingi leza ikishindwa inakaa kimya, haizui namba. Mvua, vumbi, moshi wa kuchoma mashamba ya mkonge, lenzi chafu, kupimia kupitia kioo cha gari la polisi: vyote hivyo vinafupisha umbali wa kushika. Huwezi kusema "kulikuwa na mvua ndiyo maana ikasoma 74".

Pembe nayo inakusaidia wewe. Tochi inapima gari linavyomkaribia askari, na askari yuko pembeni, si katikati ya lami. Akiwa mita 5 kutoka kwenye njia yako na wewe uko mita 100, pembe ni nyuzi tatu hivi, 80 yako inasomeka 79.9. Ukiwa mita 20 tu, pembe ni nyuzi 14, 80 inasomeka 77.6. Daima inapunguza kwenye barabara iliyonyooka, haiongezi. Anayekuambia "alisimama pembeni sana ndiyo maana ilisoma kubwa" ameigeuza kanzu nje ndani.

Mteremko pia haujalishi. Kushuka mlima hakumpi tochi chochote, kunakupa wewe mguu mzito.

---

Bi_Chumbageni

Kaka umesema picha ina namba mbili. Hujarudi hapo.

---

Theodolaiti

Umenikumbusha dada, na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Picha ya tochi ya leza yenye kamera huwa na tarehe, saa, eneo, kikomo, spidi na UMBALI. Watu wote macho yanakwenda kwenye spidi. Anza na umbali, kwa sababu ndio unaosema ulikuwa wapi ulipopimwa.

Chukua mfano. Unatoka Muheza unakuja Tanga, kuna kibao cha 50 cha kuingia kwenye makazi. Kabla ya kibao, gari lako dogo la binafsi halijafungwa na ile 50. Askari amesimama mita 120 ndani ya kibao. Picha inasema 68, umbali mita 310. Toa: 310 kasoro 120 ni 190. Gari lilikuwa mita 190 KABLA ya kibao. Hapo ulikuwa bado hujaingia. Ile 68 ni namba ya kweli kabisa, leza haijakosea hata chembe, lakini imepimwa mahali ambapo 50 haijaanza.

Sasa geuza. Picha ile ile inasema umbali mita 85. Uko mita 35 ndani ya kibao. Kosa limekamilika, lipa uende, hata kama ulikuwa "unaendelea kupunguza". Kibao kinaanza kufanya kazi pale kilipochomekwa. Kupunguza kunatakiwa kuishe kibaoni. Kwa breki ya kawaida isiyomwaga mizigo, kutoka 90 kufika 50 kunahitaji kama mita 110 na zaidi ukihesabu na muda wa mguu kuhama. Ukikiona kibao kwa mbali, acha mafuta hapo hapo.

Na ukiona alama ya kutoa mbele ya spidi, usidhani ni hitilafu. Maana yake gari lilikuwa linaondoka, umepigwa kwa nyuma. Hapo hesabu inageuka: umbali unahesabiwa kutoka kwa askari kuelekea ulikokuwa unakwenda. Wengi wanaopigwa kwa nyuma wako mwisho wa kijiji, wameona nyumba zimekwisha wakakanyaga, kumbe kibao cha kumaliza 50 kiko mbele zaidi. Nyumba kwisha si kibao.

---

mvuvi_wa_deep_sea

Aisee hii ya umbali sikuijua. Nimekaa.

---

Msata_Kiwangwa

Swali kutoka Bagamoyo. Kisheria vikomo vyenyewe vimekaaje? Kila mtu ana namba yake.

---

Sajini_Mstaafu

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, kifungu cha 51. Eneo la makazi ni 50 kwa kila gari. Gari la abiria la biashara na gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500, mwisho ni 80 hata barabara iwe nyeupe hadi Chalinze. Gari dogo la binafsi linafuata kibao kilichopo, na pasipo kibao bado kuna kosa la kuendesha kwa hatari, kwa hiyo usichukue ukimya wa barabara kuwa ni ruhusa. Alama ya mviringo mwekundu ndiyo amri. Matuta na pundamilia ni miundombinu, havibadilishi kikomo.

Wa mabasi mkumbuke VTS, mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), haina uhusiano na leza. Ile inasoma setilaiti na kutuma mwendo wa basi njia nzima, iwe kuna askari, iwe hakuna. Dereva wa basi anayepunguza kwenye tochi kisha akafidia mbele anaandikwa na mashine nyingine.

---

FundiRimu_Ngamiani

Wakuu naomba niingize upande wa dashibodi, maana nusu ya wanaoapa "nilikuwa 50" wanasema kweli ya dashibodi yao.

Mshale wa gari umetengenezwa usome zaidi, si pungufu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa ya magari inataka usisome chini ya spidi halisi, na inaruhusu uzidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo gari jipya likitembea 50 halisi, mshale unaweza kuonesha hadi 59 na bado liko ndani ya kanuni. Hii ni akiba yako ya kiwandani.

Akiba hiyo unaiua mwenyewe ukibadili matairi. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha kama milimita 634. Ukipandisha gari kwa 205/65R16, kipenyo ni kama milimita 673. Hiyo ni asilimia 6 zaidi. Gari linahesabu mizunguko, halijui tairi limekua. Kila mzunguko sasa unakwenda mbali zaidi, mshale unasema 50 na gari linakwenda 53 ukilinganisha na awali. Kwenye 100 tofauti ni 6. Kama mshale wako ulikuwa na akiba ya 4 tu, sasa uko upande wa hasara.

Kulipima ni rahisi. Tafuta kipande kilichonyooka na tambarare, shika spidi moja bila kuyumba kwa sekunde 10 hivi, abiria asome spidi kwenye programu ya GPS ya simu. Asisome wakati unaongeza au unapunguza, GPS ya simu inachelewa. Fanya kwa 50 na kwa 80, andika tofauti kwenye karatasi, bandika karibu na mshale. Matairi yaliyoisha yanapunguza kipenyo, hayo yanakupeleka upande salama wa spidi, lakini usiyatumie kwa sababu hiyo jamani.

---

Bi_Chumbageni

Nikishasimamishwa nifanyeje, nikitaka kuona hiyo picha bila ugomvi?

---

Theodolaiti

Washa hazadi, toka kwenye lami, zima injini, msalimie. Kisha omba kuona picha, kwa maneno mepesi tu: "Afande, naomba nione picha na umbali wake." Ukitaja umbali anajua anaongea na mtu anayeielewa kazi.

Soma kwa mpangilio huu. Pleti namba ni yako? Alama ya msalaba iko juu ya gari lako, au iko kwenye la jirani? Saa inaendana na wewe kupita? Eneo lililoandikwa ndipo mlipo? Kikomo kilichoingizwa ndicho kilicho kwenye kibao? Halafu umbali, na mwisho kabisa spidi. Mara nyingi askari aliyekusimamisha si aliyekupiga tochi, picha imetumwa kwa simu kutoka nyuma. Hapo ulizia aliyepiga alisimama wapi, maana umbali bila kujua alipo hauna kazi.

Ukiridhika, unalipa faini ya papo kwa papo, ambayo mwaka 2021 ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Ya bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000 mwaka 2021. Inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwenye simu. Usimpe mtu fedha mkononi. Deni linaonekana tms.tpf.go.tz ukiingiza namba ya gari au ya leseni, na ni busara kulikagua kabla hujanunua gari la mtu.

Usiporidhika, huna haja ya kupaza sauti. Sema hukubali kosa na uko tayari kwenda mahakamani. Lakini nenda na hesabu.

---

mvuvi_wa_deep_sea

Na bodaboda anashikwaje? Kale kapleti kenyewe kako nyuma.

---

Sajini_Mstaafu

Anashikwa, ila kwa karibu. Kwa mbele shabaha ni taa tu, mwili wenyewe ni mwembamba, na doa la sentimita 90 linamwagika pembeni. Askari anasubiri aingie mita 150 au chini ya hapo, au ampige kwa nyuma kwenye pleti.

---

Msata_Kiwangwa

Theodolaiti, hizo mita kutoka kibao hadi kwa askari nitazipataje? Siwezi kushuka na futi kamba mbele ya afande.

---

Theodolaiti

Usishuke. Mita za dashibodi nazo usizitumie, zinahesabu kwa mia mia, kosa lake ni kubwa kuliko unachotafuta. Ukiwa umesimama pale na askari, fungua ramani kwenye simu, weka alama mahali alipo aliyepiga tochi. Ukirudi njia ile ile, au mtu wa nyuma yako akipita, weka alama nyingine kwenye kibao. Programu nyingi za ramani zina kipimo cha umbali kati ya alama mbili. GPS ya simu mahali pa wazi inakosea mita 5 hivi kila upande, kwa hiyo tofauti ya mita 15 usiitegemee, ila kwa tofauti ya mita 190 huna wasiwasi.

Piga picha ya kibao chenyewe pia, kwa upande unaokuja nao, ionekane kama kimezibwa na matawi au kimepinda. Andika nyuma ya karatasi ya kosa: umbali wa picha, umbali wa kibao, saa. Fanya siku hiyo hiyo, kabla matawi hayajakatwa.

---

Kange_Standi

Mkuu hata siku ya leo tu hayo matawi ya kule mbele ya Hale yamekatwa asubuhi 😂